Msimwite Kapteni

Kaeni chini wote watatu. Twalibu, weka hiyo simu hapa juu ya mto, karibu na mdomo wangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Irekodi yote. Usikate kipande hapa ukaunganisha pale, na usiiwekee kaswida kwa nyuma. Jana, mbele ya Shekhe Majidi na majirani wawili, nimeshuhudisha yanayohusu mali, na wote wameandika kwamba akili yangu ni timamu, kwa hiyo asije mtu baadaye akasema Bi Batuli alikuwa anaweweseka. Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyenipa miaka themanini na saba, akamchukua mwanangu wa sitini na nane mbele yangu. Hilo ni lake na silihoji. Ninayoyahoji ni yenu.

Juzi, Twalibu, uliniletea karatasi kutoka kwa mchonga mawe wa Ng'ambo ukaniambia, Bibi, soma, hiki ndicho kibao tutakachoweka kaburini kwa baba Ijumaa, siku ya arobaini. Nikavaa miwani nikasoma. Kapteni Idrisa Awadhi, rubani wa vita vya Kagera, aliyetungua ndege tatu za adui na kujeruhiwa mguu akiitetea nchi. Mistari minne ya marumaru, na cha kweli ndani yake ni jina. Hata mwaka wa kuzaliwa mmekosea. Mmeandika hamsini na tisa kwa sababu ndivyo inavyosema kadi yake ya kupigia kura. Karani wa kadi hakuwapo nilipokuwa najifungua, mimi nilikuwapo. Ni elfu moja mia tisa hamsini na saba, tarehe kumi na nne Machi, Alhamisi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Najua mlikoyatoa hayo, na ndiyo maana nimechoka kabla sijaanza kusema. Mmeyatoa kwa Anton.

Twalibu, wewe umekulia hapa Gongoni kabla hujahamia Dar es Salaam, hukupaswa kukosea jambo hili. Sisi ni Wanyamwezi, Anton ni Mgogo. Wazee wetu walipopita Ugogo na mizigo ya watu kichwani, wazee wake waliwatoza hata maji ya kunywa, na kutokana na ugomvi ule wa njiani ukazaliwa utani ambao mpaka leo unampa Anton, fundi viatu wa Mtendeni, haki ya kuingia msibani kwetu akafanya anavyotaka. Jeneza lilipotoka nje alijilaza chini katikati ya njia, akatandaza mikono, akanguruma kwa mdomo kama injini, akasema hakuna kuondoka uwanjani mpaka mnara utoe kibali. Wabebaji wakasimama. Akasema huyu mnayemzika ni Kapteni Idrisa, katungua ndege tatu kwa manati, akatua Entebbe kwa dakika kumi akanywa chai, akarudi na kikombe cha watu, na mguu ule aliumizwa na risasi iliyomkosa Mgogo mmoja shujaa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi mwenyewe, niliyekuwa dirishani sijatoa neno tangu alfajiri, nilicheka ndani ya kanga, na kicheko kile ndicho kilichonifungulia machozi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Anton aliifanya vizuri. Wakampa chake, akasimama, akajikung'uta vumbi, akalishika jeneza kwa mbele akalia kuliko ninyi.

Sasa nani alikwambia kwamba maneno ya mtani yanawekwa kwenye kumbukumbu za familia? Rafiki zako wa Dar es Salaam walirekodi, wakaondoa kicheko, wakaondoa manati na kikombe, wakabakiza ndege tatu, wakazisambaza mitandaoni. Wiki ya kwanza zikaja rambirambi kwa familia ya Kapteni. Wiki ya pili mtu akataka mtaa uitwe kwa jina lake. Nilikuuliza, Twalibu, baba yako alikuwa rubani lini? Ukanijibu, Bibi, watu wameshapokea hivyo, tukikanusha itakuwa aibu. Yaani aibu ya kukanusha unaiona, ya kudanganya huioni. Ijumaa wanakuja wanajeshi wastaafu wanne waliokuwa naye vitani. Watakaa kwenye jamvi letu, watakula pilau letu, watasomewa kibao hicho, watatazamana. Hawatasema kitu, wana adabu. Watarudi kwao wakijua kwamba watoto wa Idrisa wameona maisha yake hayatoshi.

Na familia hii si mara yake ya kwanza. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo mara sita, kwa kichwa na bega, na bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Alipokufa, baba zangu wadogo walimpandisha cheo. Wakasema alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyetangulia na bendera. Kirangozi wa msafara ule alikuwa na jina lake na watoto wake, nao walikuwa wanaishi pale Kwihara, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Waliacha kutusalimia. Mimi nimezaliwa nikakuta hatualikani harusini, nikauliza sababu, nikaambiwa ni watu wenye roho mbaya. Nilikuwa na miaka arobaini nilipoipata sababu yenyewe, na kwenda kuomba radhi nilikwenda peke yangu. Kubeba pembe mara sita hakukuwatosha.

Basi nisikilizeni niwaambie Idrisa alikuwa nani, kwa sababu nikifa mimi atabaki na Anton tu.

Nilimaliza shule ya sekondari nikaajiriwa uwanja wa ndege wa hapa Tabora, kwenye chumba cha hali ya hewa, kupima joto, mvua na upepo, kuandika mawingu. Mume wangu Awadhi alikuwa safarini kununua nta na asali, na sikuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Idrisa alikulia pale. Akiwa na miaka saba alikuwa anaijua ndege kwa sauti kabla haijaonekana. Angeacha tonge mkononi akainua kidole tunyamaze, akasema hii ina injini mbili na moja inakohoa. Nilimkanya mara nyingi asiache chakula kipoe. Hakuacha mpaka alipokufa, Zuwena ni shahidi, amepasha moto chakula cha mume wake miaka arobaini.

Alitaka urubani. Aliomba jeshini, wakampima macho, wakasema jicho la kushoto halifai. Wakamweka kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Vita vilipokuja alikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye shimo juu ya kilima na darubini na simu ya waya, kuwaambia wapiga mizinga ndege inayokuja ni ya nani. Ndege tatu hakutungua, Twalibu. Hakutungua hata moja. Siku moja, kuna mawingu mazito chini, ilikuja ndege haionekani, wenzake wakaelekeza mizinga, mkubwa wao akasema wapige. Idrisa akakataa kwenye simu. Akasema hiyo ni yetu, naisikia. Mkubwa akamwambia atamfunga. Akajibu, nifunge, lakini hiyo ni yetu. Wakasita kidogo tu, muda wa kumeza mate, ndege ikatoka kwenye wingu na ilikuwa yetu. Rubani wake hakujua lolote, akapita akaenda zake.

Aliniambia hayo mara moja tu, mwaka themanini, tunachambua mchele pale uani. Sikuyachukua hivi hivi. Mwenzake aliyeitwa Ngassa alipopita Tabora akienda kwao nilimkalisha nikamuuliza bila kumdokeza jibu, naye akasema vilevile, mpaka neno la kufungwa. Nimeyaandika na tarehe yake. Ninyi mnaye mtu aliyezuia ndege isitunguliwe kwa sababu alikuwa na masikio ya kweli na ubishi wa kwao, mkaenda kumtafutia tatu za uongo.

Nipe maji, Zuwena. Taratibu.

Sasa mguu. Hapa, Najiat, acha kulia kwanza, maana nitakapofika mbele utataka kulia zaidi, uyabakize.

Twalibu ameandika mguu uliumia vitani. Wewe Najiat unajua si kweli. Unajua uliumia Ulyankulu, Septemba ya mwaka tisini na sita, siku aliporusha kile chombo alichokiunda mwenyewe, ambacho mabaki yake ndiyo yaliyoezekea banda letu la kuku. Na miaka ishirini na tisa umekuwa ukisema kwamba aliyemponza kaka yako ni Viktori. Umesema hivyo harusini, umesema hivyo kwa mafundi, umemfundisha Twalibu akiwa mtoto wa miaka kumi kumwita yule Mrundi. Viktori Nijimbere ana jina. Alikuja Ulyankulu mgongoni kwa mama yake, amekulia huko, ana watoto na wajukuu huko, na alikuwa rafiki pekee aliyekaa na Idrisa juani bila kumwambia aache upuuzi.

Idrisa alitoka jeshini akawa fundi wa mashine za kusaga huko vijijini, na ya Viktori ilikuwa mojawapo. Ndipo walipoanza. Injini ya pikipiki, mabomba ya alumini, mianzi, na mabawa ya kitambaa cha marekani ambacho mke wa Viktori, Demetria, alikishona kwa mkono na kukipaka wanga wa muhogo mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Miaka mitatu. Mimi hapa mjini nilikuwa nasema mbele yenu kwamba mwanangu ameingiwa na wazimu. Mlinisikia. Mkaniunga mkono.

Siku ile niliwaambia nakwenda Urambo kuhani msiba. Hakukuwa na msiba. Nilikwenda Ulyankulu. Idrisa alikuwa ameniomba, akasema, Mama, injini naiamini, mabawa nayaamini, upepo siuelewi kama wewe. Nilikuwa nimestaafu miaka mitatu, na nilikuwa na kifaa changu cha mkononi cha kupimia upepo, na sitawaficha, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kazi yangu tangu nilipostaafu. Nikaenda.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, kwenye kipande kilichonyooka cha ile njia ya zamani ya misafara, pembeni ya shamba la Viktori. Nikapima. Upepo wa mashariki, kilomita kumi na tano kwa saa, umetulia. Viktori akasema tungoje jioni. Akasema, Mama, saa hizi kwenye hili shamba kunapita visulisuli, jana kimoja kimebeba majani ya paa la jiko. Alisema kwa heshima, kofia mkononi. Mimi nikamwambia, "Viktori, wewe lima. Hii ni kazi yangu."

Nikamgeukia mwanangu nikasema, "Upepo ni mzuri. Nenda."

Ni mimi niliyesema nenda. Mmesikia? Iko kwenye hiyo simu? Rudisha utazame kama imeingia. Haya.

Akaenda. Na akaruka, wanangu. Magurudumu yaliachana na ardhi, niliona mwanga chini yake, akapanda mpaka kimo cha mpapai uliokomaa, akapita mbele yangu akiwa amefungua mdomo kama mtoto anayeimba, lakini kwa ile injini sikusikia anaimba nini. Nilipima baadaye kwa hatua zangu, zikatoka mita mia moja na arobaini. Ndipo kile kisulisuli kikasimama shambani, chembamba, kama mtu, kikaja kikalishika bawa la kulia. Alianguka kwenye matuta ya viazi. Mfupa ulitoka nje ya ngozi.

Viktori alimfunga mguu kwa vipande vya mianzi vya bawa lilelile, akamweka kwenye trekta la jirani, akamshika kichwa njia nzima mpaka hospitali. Na wewe Najiat ulipofika, hukuwahi hata kuvua viatu vya kazini, uliuliza kwa ukali ule wako, nani alimruhusu kuruka na upepo wa mchana? Viktori alinitazama. Alingoja. Nimehesabu kila kitu maishani mwangu ila muda ule aliongoja sikuuhesabu, ulikuwa mrefu. Mimi nikatazama sakafu. Ndipo akasema, "Ni mimi, dada."

Na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu mji mzima ulijua kwamba Bi Batuli hakosei upepo. Ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuwapambia. Ninyi mmeandika urongo kwenye marumaru kwa kumpenda Idrisa. Mimi niliuweka kwenye mgongo wa mtu mwingine kwa kujipenda. Niliwasema nilipoanza, na niliyowasema ni kweli, lakini msidhani nimejitoa.

Idrisa alijua. Hakunisuta hata siku moja. Kila Idi baada ya swala alikuja kunipa mkono akauliza kwa sauti ndogo, Mama, na Viktori je? Namjibu, nitasema, mwanangu, tungoje mwaka huu uishe. Miaka ishirini na tisa, Idi mbili kila mwaka, pigeni wenyewe hesabu. Alichechemea nyumba hii nzima bila kulalamika, na kila hatua yake nilikuwa naisikia kutoka kitandani hapa. Mwaka ule Twalibu ulipomkatia tiketi ya ndege kwenda kutibiwa moyo Dar es Salaam, alikaa dirishani akakataa hata soda, wahudumu wasije wakamziba asione nje. Aliporudi hakunieleza habari za daktari. Alinishika mkono akasema, Mama, yale mawingu uliyokuwa unayaandika, nimeyaona kwa juu, ulikuwa unayaandika sawasawa. Mtu mwenye mguu ule akaniambia nilikuwa sawasawa.

Ngojeni. Kifua kinabana. Ngojeni nipate pumzi.

Siku ya mazishi Viktori alikuja. Alitoka Ulyankulu kwa baiskeli. Najiat, ulimwendea pale nje ukamwambia msiba huu si wako. Nilikuwa dirishani, nilisikia, nilikuwa na nguvu za kutosha kusema neno moja, sikulisema. Alikwenda kukaa chini ya ukuta wa jirani. Jeneza lilipopita, Anton amekwisha kunguruma na watu wamekwisha kucheka, yeye alisimama akavua kofia, na hakulifuata, kwa sababu alikuwa amekatazwa. Watu wote wa Gongoni walimzika Idrisa isipokuwa yule aliyemshika kichwa.

Sikilizeni sasa, maana nguvu zinaniishia na sitarudia.

Nyumba hii ya Gongoni ni yenu, Najiat na Twalibu, Shekhe atawagawia kwa sheria na mimi siingizi mkono. Zuwena asihamishwe chumba chake, wakati wa eda wala baada ya eda, mpaka atake mwenyewe. Shamba la Kwihara, lile ambalo wewe Twalibu umeshalipelekea dalali ili upate fedha za marumaru, haliuzwi. Halifiki theluthi ya nilicho nacho, Shekhe amepima, na sheria inaniruhusu kumwachia asiye mrithi. Namwachia Viktori Nijimbere. Si malipo. Mguu si wangu niulipie, na jina la mtu halilipiki kwa shamba la mpunga. Nataka tu awe na mahali karibu na mji pa kukaa bila kuombwa aondoke. Mkimbishia nitakuwa nimekufa, lakini sauti yangu iko humo.

Kibao, kama kimeshachongwa, kivunjeni. Mkitaka kibao, kiwe cha saruji, na Twalibu andika ninavyosema, usiongeze. Idrisa bin Awadhi, fundi. Hamsini na saba, elfu mbili ishirini na tano. Vitani aliijua ndege yetu kwa sauti, haikupigwa. Aliruka mara moja, mita mia moja na arobaini. Basi. Usiweke shujaa. Wanaokuja Ijumaa wana akili zao.

Na Ijumaa Viktori akae mbele, penye familia, na aeleze yeye. Anton mwacheni aseme yake pia, ila mkumbuke ni yupi mtani na ni yupi shahidi.

Njooni karibu. Karibu zaidi, sioni vizuri. Mwenyezi Mungu awaweke... awape macho ya kuona mtu alivyo, na awape mdomo wa kusema mapema, si kama mimi. Najiat, nimekuridhia. Kosa lako nililifundisha mimi. Twalibu, nimekuridhia, pamoja na ndege zako tatu. Zuwena, wewe sina la kukusamehe, nisamehe wewe. Nimewaridhia wote. Nimewaridhia.

Usizime. Bado.

Jana nilimwambia Zuwena ampigie simu. Alisema atatoka Ulyankulu kwa basi la kwanza. Mmesikia hodi? Mimi nimesikia, masikio bado... Ni yeye. Anabisha kwa kidole kimoja, kama mtu asiye na hakika.

Si wewe, Zuwena, kaa.

Najiat. Nenda wewe. Mwambie karibu ndani. Halafu umwambie... hapana. Mlete tu. Hilo nitamwambia mimi.